Dagaa wa mezani, funza wa bwawani

Jana usiku mwezi ulikuwa mpevu, na leo asubuhi bei ya dagaa pale soko la Igoma, Mwanza, imepanda. Anayeishi kandokando ya Ziwa Viktoria hahitaji kuelezwa kwa nini. Dagaa wetu huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Wakiona mwanga juu ya maji wanaukusanyikia, na wavuvi wanawazungushia wavu. Mwezi ukijaa, mwanga unatapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haiwavuti tena, na mitumbwi inalala mchangani siku kadhaa. Niliuza dagaa Mwaloni, Kirumba, kwa miaka tisa, na kalenda yangu ilikuwa angani. Nilijua lini nitapata hela ya ada na lini nitakula akiba.

Nilipoacha biashara ile nikachimba mabwawa mawili Kisesa, kwenye kiwanja alichotuachia baba mkwe, nikaanza kufuga sato. Mwezi ukanifuata hadi huko. Chakula nilichokuwa nachanganya kilisimama juu ya dagaa: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, soya kidogo, na dagaa waliosagwa kwa ajili ya protini. Mwezi ukijaa, samaki wangu wanakula kwa bei ya juu. Masika yakichelewa kuisha, vivyo hivyo. Mfugaji yeyote wa samaki atakwambia kwamba zaidi ya nusu ya gharama zake zinaishia kwenye chakula, na ndani ya chakula chenyewe hela inamezwa na protini.

Leo bei imepanda na sijaenda sokoni. Nimeshinda nyumbani nikichekecha funza ninaowalisha samaki wangu badala ya dagaa. Kila nikipeleka samaki kwa wateja naulizwa habari za hawa funza, na majibu ya kusimama mlangoni hayatoshi, kwa hiyo naandika yote hapa.

Nianze na Mwaloni, maana kwangu jambo hili lilianzia pale.

Wanunuzi wa dagaa walikuwa wa aina mbili. Kuna wa mezani: akina mama wa sokoni wanaopima kwa sado, wafanyabiashara wa Kongo, Rwanda na Burundi wanaofunga magunia na kupakia malori. Hawa huchagua. Hushika dagaa, hunusa, humvunja kichwa waone kama amekauka. Halafu kuna wa chakula cha mifugo. Hawa zamani walikuwa wanachukua waliobaki: dagaa waliopigwa na mvua kabla hawajakauka, wakabadilika rangi na kuanza kunuka, au waliochanganyika na mchanga kwa kuanikwa chini. Hapakuwa na ubaya. Mali ambayo ingetupwa iligeuka hela, na mimi mwenyewe nimewauzia mara nyingi.

Kadiri miaka ilivyokwenda, niliona wakianza kununua hata dagaa wazuri. Mabanda ya kuku yaliongezeka, mabwawa yakaongezeka, vizimba vya samaki vikaingia ziwani, na mashine za kusaga chakula zikahitaji mzigo wote unaopatikana. Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi mpevu. Mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja na hela yake ileile ya kununua sado moja. Nikampa nusu. Pembeni yake palikuwa na magunia sita yaliyokwisha kulipiwa, dagaa weupe, wakavu, wa kukaangia nyanya, wakisubiri kwenda kusagwa wawe chakula cha kuku. Alitazama magunia, akanitazama mimi, akafunga nusu sado yake kwenye kitenge akaondoka. Sijawahi kuisahau ile asubuhi.

Dagaa ndiye samaki wa asiyeweza kununua sangara. Analiwa mzima, na mifupa yake na kichwa chake, kwa hiyo mtoto anapata protini na chokaa ya mifupa kwa pamoja. Wakenya wanamwita omena, Waganda wanamwita mukene, na huko kote kazi yake ni hiyohiyo. Kumvua dagaa ili kumlisha samaki mwingine atakayeuzwa hotelini ni kumpokonya mtoto kitoweo. Mimi nilipoanza kufuga sato nikajikuta nasimama upande wa wale wanunuzi wa magunia, na sikupata amani.

Habari za funza nilizipata kwanza kwa kijana aliyesoma mambo ya ufugaji wa samaki, aliyekuja kumsalimia shemeji yangu. Alitazama bwawa, akaniuliza nalisha nini, nikamwambia. Akasema, "Mama, mbona protini unayo hapo nyuma ya banda la kuku?" Akachukua kijiti, akafukua mbolea yenye unyevu, akanionyesha. Walikuwa wanene, bapa kidogo, rangi ya kijivu inayoelekea kahawia, ngozi ngumu. Nimewaona tangu utotoni na sikuwahi kuwajali. Ni watoto wa nzi mmoja mweusi, mwembamba, ambaye ukimtazama haraka utadhani ni nyigu, na miguu yake mwishoni ni myeupe. Wataalamu wanamwita inzi askari mweusi, kwa Kilatini *Hermetia illucens*. Asili yake ni bara la Amerika, lakini siku hizi amekwisha kuenea sehemu nyingi zenye joto duniani.

Jambo la kwanza kumwelewa: huyu si yule nzi wa jikoni. Hana tabia ya kutua kwenye chakula chako akitoka chooni. Akishakuwa mzima anaweza kuishi kwa maji tu, kwa sababu alikwisha kula cha kumtosha alipokuwa funza. Siku zake ni chache, wiki moja au zaidi kidogo, na kazi yake katika siku hizo ni kutafuta mwenza na kutaga. Haumi, hadungi.

Nilianza kwa ndoo moja. Nilitoboa matundu pembeni, nikaweka maembe yaliyooza na pumba zilizolowa, nikafunika kwa ubao wenye nafasi, nikaiacha chini ya mwembe. Juu ya mdomo wa ndoo nilifunga vipande vya maboksi, yale yenye vishimo vidogo ukiyatazama kwa ubavuni. Nzi huyu hatagi juu ya chakula chenyewe. Anatafuta ufa mkavu karibu na chakula, anaingiza mkia wake humo, anaacha mayai mamia, pengine mia tano kwa mara moja, madogo kama vumbi la krimu. Siku ya nne hivi yanaanguliwa na watoto wanajidondosha wenyewe kwenye chakula. Baada ya wiki tatu ndoo yangu ilikuwa inachemka kwa funza.

Sasa nina kizimba cha chandarua, urefu wa mtu mzima, mahali panapopata jua la asubuhi. Jua ni lazima, kwenye giza hawapandani vizuri. Ndani naning'iniza majani makavu ya mgomba wapumzikie, nanyunyiza maji mara mbili kwa siku, na naweka vibao vyembamba vilivyofungwa pamoja kwa mpira, katikati nikipachika vijiti vya kiberiti ili pawe na nafasi ya kutagia. Kila baada ya siku mbili nafungua vibao, nakwangua mayai kwa kisu butu, nayaweka juu ya kichujio cha chai ambacho chini yake kuna pumba laini zilizolowekwa.

Chakula chao ni taka za Igoma. Kijana wa guta ananiletea viroba: nyanya zilizopasuka, matikiti, ndizi, majani ya kabichi. Nikipata machicha ya bia nachanganya, maana yanakunywa maji ya matunda. Kipimo cha unyevu nimejifunza kwa mkono. Unafumbata konzi moja, unaminya. Yakitoka matone machache katikati ya vidole, sawa. Yakitiririka, ongeza pumba, la sivyo funza watapanda ukuta wa beseni na kutoroka wote usiku mmoja, na harufu itakuletea majirani.

Harufu, ndiyo. Naulizwa sana. Beseni lililokaa sawa lina harufu ya tunda lililochacha, basi. Beseni likinuka kama mzoga ujue umekosea wewe: maji mengi, au umelisha kuliko wanavyoweza kumaliza.

Nami nilikosea. Mwaka wa kwanza, mwezi wa Oktoba, joto la Mwanza mnalijua, nilijaza mabeseni kina cha shubiri nzima nikidhani nawashibisha. Asubuhi nikakuta maelfu wamejirundika ukingoni, wengine wamekwisha kufa, na nilipoingiza mkono katikati ulikuwa kama nimeutia kwenye uji wa moto. Funza wakisongamana wanatoa joto lao, na chakula kinachochacha kinatoa joto lake. Tangu siku ile kina ni vidole vinne, naongeza kila siku kidogo. Nililia kwa ajili ya beseni zile, kwa sababu ilikuwa ni kazi ya wiki mbili na samaki walikuwa wananisubiri.

Adui wa pili ni siafu na sisimizi. Miguu ya meza ya mabeseni inasimama ndani ya makopo yenye oili chafu. Usiache hata kijiti kimoja kiegemee meza, watakitumia kama daraja.

Wiki mbili hivi baada ya kuanguliwa wanakuwa tayari. Hapa Mungu aliweka jambo la kunishangaza kila mara. Funza aliyeshiba anageuka mweusi, anaacha kula, na anaanza kutembea atafute pakavu pa kujigeuza. Ukiegemeza ubao ndani ya beseni, kwa mteremko, wanapanda wenyewe na kudondokea kwenye ndoo uliyoitega. Hao weusi nawaacha wawe nzi wa kizazi kijacho. Wa kulisha samaki nawavuna siku chache kabla, wakiwa bado weupe, kwa kuchekecha. Kinachobaki kwenye chekecheke ni mbolea, inakwenda kwenye mchicha.

Nawaosha, nawatumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, kisha nawaanika. Na nawaanika kwenye chanja zilezile za wavu nilizokuwa nikianikia dagaa. Mara ya kwanza nilipowatandaza juu ya chanja zangu mikono ilikwenda yenyewe, namna ya kugeuza, namna ya kutazama wingu. Kilo kumi wabichi zinanipa kama kilo tatu wakavu.

Funza mkavu ana protini kama asilimia arobaini, ikipanda na kushuka kwa kadiri ya alichokula, na mafuta mengi. Dagaa mkavu safi anamzidi protini, lazima niseme ukweli. Lakini sema "safi". Nimewahi kununua magunia mawili ya unga wa dagaa kwa mfanyabiashara mmoja, nikatia konzi kwenye glasi ya maji, nikakoroga, nikasubiri. Robo ya konzi ile ilizama chini ikawa mchanga mtupu. Samaki hakui kwa mchanga. Funza wangu najua wamekula nini tangu yai.

Kwa sato waliokwisha kufika ukubwa wa kiganja, kilo kumi za chakula nazichanganya hivi: funza wakavu waliosagwa kilo mbili na nusu, soya iliyokaangwa kilo tatu, mashudu ya alizeti mbili, pumba za mahindi mbili, na nusu kilo ya unga wa muhogo uliopikwa uji ili kushikanisha. Inafika protini ya asilimia 28 hivi. Soya kaanga kweli, mbichi inazuia samaki asimeng'enye protini. Funza usiwasage peke yao, mafuta yao yanaziba mashine na mwenye mashine atakufukuza. Wasage pamoja na pumba. Na usitengeneze cha miezi mitatu, mafuta yale yanaharibika. Mimi natengeneza cha wiki mbili.

Nilitaka kujua kwa macho yangu, si kwa kuambiwa. Mabwawa yangu yanalingana, mita kumi kwa ishirini, samaki mia sita kila moja. Msimu mmoja mzima bwawa la juu lilikula mchanganyiko wa dagaa, la chini la funza. Kila mwisho wa mwezi nilivuta wavu, nikapima samaki ishirini kila upande kwa mzani wa jikoni, mwanangu akaandika daftarini. Mpaka tunavuna hawakupishana hata gramu ishirini kwa wastani, na kuna mwezi wa funza walitangulia. Hii ni ya mabwawa mawili ya mtu mmoja, lakini ndiyo iliyonifanya niache kununua magunia.

Sijaacha dagaa kabisa. Vifaranga vya mwezi wa kwanza bado nawatilia dagaa kidogo. Funza wa nchi kavu hana yale mafuta ya samaki, omega-3, na hana ya kutosha ile sehemu ya protini inayoitwa methionini, na kifaranga anahitaji vyote. Kwa hayo mafuta kuna njia, na naipenda: funza akilishwa matumbo ya samaki siku zake za mwisho, mafuta yale yanaingia mwilini mwake. Watafiti wamelithibitisha hilo. Kwa hiyo siku za kuvuna, matumbo ya sato wangu hayatupwi tena, yanakwenda kwenye beseni.

Kuna jambo moja nalisimamia kwa ukali: taka gani wale. Funza wanaweza kukusanya madini mabaya mwilini, kadimiamu kwa mfano, kutoka kwenye chakula chao. Taka za hospitali, za gereji, za dampo lililochanganyika na betri, hapana. Nairobi kampuni ya Sanergy ilikusanya taka za vyooni na kulishia funza hawa kwa utaratibu wa kiwandani, walikuwa na vifaa vya kuhakikisha usalama. Mimi sina vifaa hivyo, nabaki na nyanya za Igoma.

Wasiosadiki wanadhani ni uchawi wa kijijini. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, alichokianzisha Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimefanya kazi kubwa juu ya wadudu hawa kama chakula cha mifugo. Kenya ilitoa kiwango chake cha wadudu wakavu kwa chakula cha mifugo mwaka 2017, na mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ukaruhusu protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa.

Lakini mama mkwe wangu hakuhitaji habari za Ulaya. Alikuja siku moja, nikamwamkia, "Shikamoo mayu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unafuga funza."

Nikaelewa mara moja kilichomtisha. Kwa watu wa rika lake funza ni yule wa kwenye vidole vya miguu, anayetolewa kwa pini. Kiswahili kimewapa jina moja wadudu wawili wasio na undugu. Nikampeleka nyuma, nikamfunulia beseni. Alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hawa? Hawa ndio kuku wangu walikuwa wanapekua kwenye samadi." Akaketi kwenye kigoda akaanza kunisaidia kuchambua, huku akinisimulia kuku aliokuwa nao.

Jibu lake ndilo ninalompa mteja anayesita. Mama ntilie mmoja wa Nyakato aliniuliza kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie, kama ni kweli samaki wangu wanakula funza. Nikamwambia ni kweli. Nikamuuliza, "Dada, kuku wa kienyeji unamnunua bei gani?" Akataja, na ni bei kubwa. Na kuku yule amepekua jaani akala funza mchana kutwa, ndiyo utamu wake. Sato wa ziwani naye anaokota wadudu, kambale ndiyo usiseme. Hata dagaa mwenyewe, tukimpasua tumbo, tunakuta watoto wa wale visubi wanaopanda ziwani kama moshi. Dagaa naye anakula mabuu tangu zamani. Mimi nimefupisha njia tu, nikamwacha dagaa apite kwenda kwenye sufuria ya mtu. Akanunua samaki wanane, na Ijumaa iliyofuata akarudi.

Kinachonisumbua sasa ni masika. Chanja zangu ziko wazi, na funza waliochemshwa wakikosa jua siku mbili wanaoza kama dagaa. Nimeanza kujenga banda dogo la nailoni angavu, mbao nimekwisha kununua, nailoni bado. Kwa wiki kadhaa nitawalisha sato funza wabichi, moja kwa moja kutoka kwenye chekecheke, jioni, jua likishapoa. Wanawagombania hadi maji yanaruka, na wajukuu wa mama mkwe wanakuja kutazama.